Kitambaa Chekundu cha Daktari Khole

Khole binti Salmini hakusomea udaktari hata siku moja, lakini mwaka 1965 nusu ya mji wa Tabora ilimwita Daktari, naye aliitika bila haya. Cheo hicho alikipata katika Milki ya Zumaridi, nchi isiyokuwamo katika ramani yoyote. Ilikuwa ngoma ya vyeo. Kila kiangazi, mavuno yakishaingia ndani, watu wa Kanyenye na mitaa ya jirani waliacha majina yao nyumbani, wakawa sultani, waziri, jemadari, kadhi, mpelelezi, mchota maji. Walipiga gwaride na bunduki za miti, wakatekana, wakahukumiana, na majeruhi wakapelekwa kwenye kibanda cha Daktari kutibiwa kwa chai ya tangawizi. Katibu wa chama aliwahi kuuliza kwa nini wanacheza sultani ilhali machifu wameshaondolewa. Wakamjibu kwamba huyu wao hana mshahara wala gari. Akacheka, na mwaka uliofuata akaomba apewe ukarani.

Siku za kawaida Khole alikuwa mshonaji. Tangu afiwe na mumewe, cherehani yake ilikaa barazani kwa kaka yake Hamdun, muuza nguo. Alishona magwanda ya milki nzima, na alikuwa mkali kwelikweli. Ole wake aliyekatikiwa na kifungo katikati ya gwaride. Sheria za Zumaridi hazikuandikwa popote, lakini yeye alizijua zote, na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Mwaka huo sultani wao, Twalibu fundi saa, alifariki dunia. Walipomaliza msiba, ikabidi milki itafute wa kukalia kiti, na hapo ndipo vita vilipoanza. Waliojitokeza walikuwa wawili. Masele, fundi wa reli, mtoto wa wafugaji wa Igunga, alianza kwa kuchota maji, akapanda kazi moja moja kwa miaka kumi na mmoja hadi akawa waziri. Thuwaini, mtoto wa Hamdun, alikuwa na miaka mitatu tu katika ngoma, tena alianzia juu kabisa, kwenye ujemadari, kwa kuwa baba yake ndiye aliyetoa vitambaa. Kijana mwenyewe hakuwa na ubaya. Alikuwa na adabu na sauti nzuri, na gwanda lilimkaa. Lakini sheria ilitaka sultani awe amepitia kila kazi, na wengi walijitia hamnazo kana kwamba hawajapata kuisikia.

Milki ikagawanyika mapande mawili. Watu wa Thuwaini walifunga kitambaa cha buluu mkononi, wa Masele chekundu, na mshindi angekuwa yule atakayevuta watu wengi zaidi nyuma yake siku ya gwaride kuu. Mchezo ukaanza kuingia nyumbani. Majirani waliokuwa wakiazimana ungo sasa walinuniana. Wiki tatu kabla ya gwaride, kila mwenye cheo alitakiwa kufunga kitambaa chake uwanjani, mbele ya watu. Khole hakuulizwa na mtu. Damu ni damu, walidhani, na Hamdun alishamkatia cha buluu, akakiweka juu ya cherehani.

"Kaka," Khole alisema, "Thuwaini hajapitia hata kazi moja ya chini."

"Huu ni mchezo tu, Khole."

"Kama ni mchezo tu, mbona umenikatia kitambaa mwenyewe?"

Hamdun hakucheka. "Nisikilize, mdogo wangu. Mji mzima unatutazama. Dada yangu akifunga chekundu, mimi nitaonekana mtu gani? Ukikifunga, cherehani yako itafute baraza nyingine."

Maneno hayo yalimchoma. Baba yao alipokufa, Hamdun ndiye aliyemlea, akamwozesha, na alipobaki mjane akampokea bila neno. Khole alimpenda kuliko mtu yeyote aliye hai. Lakini kila alipowaza kufunga cha buluu, akamkumbuka Masele na miaka yake kumi na mmoja, alijiona mwizi.

Siku ilipofika alipiga moyo konde. Alisimama katikati ya uwanja na joho lake jeupe la udaktari, akatoa kitambaa chekundu kifuani, akakifunga kwa meno na mkono mmoja. Masele alivua kofia. Hamdun alimpa kisogo, akaondoka.

Jioni ile ile Khole na shoga yake Apolinaria, muuza maandazi, waliibeba cherehani hadi barazani kwa Apolinaria. Kila asubuhi Khole alipita dukani, akasema, "Shikamoo, kaka," na kila asubuhi Hamdun alikuwa na jora la kukunja. Mwanamke mwingine angelipiza. Yeye alimshonea Thuwaini gwanda zuri kuliko la Masele, kwa sababu kitambaa cha Thuwaini kilikuwa kizuri zaidi, na hakuwa mtu wa kuharibu kitambaa.

Gwaride likaja, na buluu ikashinda, tena kwa mbali. Desturi ya Zumaridi iliwataka wenye vyeo wa upande ulioshindwa wapeleke maji, kwa ndoo kichwani, milangoni kwa wazee wa upande ulioshinda, na wazee wayanywe. Wapo waliojisingizia ugonjwa. Khole aliomba mlango wa kaka yake. Alikatiza Kanyenye mchana kweupe, joho limepigwa pasi, kitambaa chekundu bado mkononi, na waliotoka nje kumcheka walijikuta wakimpisha njia.

Alitua ndoo mbele ya Hamdun, akachota kwa kata, akampa kwa mikono miwili. Hamdun alikunywa yote. Ndipo akamtazama, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu.

"Ungejua kuwa mtashindwa, ungekifunga?"

"Nilijua, kaka. Siku ile, kabla sijakifunga, niliwahesabu watu wote uwanjani. Mlikuwa mara mbili yetu."

Hamdun alisogea upande mmoja wa benchi alilokalia. Akampa nafasi.

"Kaa, Daktari," alisema.