Haluwa ya Beki wa Mwisho

Beki wetu wa mwisho alikuwa hakimbii. Simtukani, maana yeye mwenyewe akisema hivyo hivyo huku akifunga njumu zake. "Mimi si wa kukimbia, yakhe. Mimi ni wa kukimbiza watu."

Alikuwa amepita arubaini na kitu, tumbo limeanza kumtangulia, goti la kushoto limefungwa kitambaa. Akisimama hatua chache kutoka langoni, mikono kiunoni, kisha anafungua mdomo. "Kata kushoto! Kata, kata... nyosha! Rudi polepole. Rudi. Rudi. Hapo hapo!" Na mabeki watatu walio mbele yake wakisogea vile vile alivyosema, bila hata mmoja kugeuka kumtazama. Straika wa watu akifika pale alipodhani pana upenyo, akikuta mlango umefungwa na funguo zimeshatiwa mfukoni.

Mgeni angedhani kuna mtu anaegesha lori, na asingekuwa mbali na ukweli. Uwanja wetu uko Miritini, ubavuni mwa yadi ya makontena, na beki wetu alikuwa taniboi katika yadi hiyo tangu ujana wake. Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya trela inaporudi kinyumenyume na kumwelekeza dereva kwa mdomo. Dereva wa trela akirudi nyuma haoni kitu ila vioo viwili na kipande cha mbingu. Anayemwamini ni yule aliye nyuma. Rafiki yangu aliichukua kazi hiyo akaihamishia uwanjani, bila kubadilisha hata neno.

Nasema rafiki yangu kwa sababu zamani nilikuwa golikipa nyuma yake. Kisha nikashikwa na maradhi yangu ya kutotulia. Nimekaa Voi, nimekaa Malindi, Tanga, Lunga Lunga, kila mahali kwa muda wa kuzoea chai ya mji kisha nahama. Kila niliporudi Miritini nilikuta kitu kimetoweka. Mara mkorosho tuliokuwa tukibadilishia nguo chini yake, mara duka la mikate, mara njia yenyewe. Reli mpya imepita pale pale tulipokuwa tukienda haja wakati wa mapumziko. Lakini nikikaribia uwanja jioni, kabla sijamwona mtu, naisikia sauti. "Kata, kata... nyosha!" Basi hapo najua nimefika kwetu.

Safari ninayoisimulia, niliporudi wakanifanya meneja, yaani mbeba mfuko wa jezi na madumu ya maji. Mtu asiye na shughuli maalumu haulizwi kama anataka cheo.

Kocha wetu alikuwa kijana wa bara, dereva wa boda boda, mwenye moyo safi na mapenzi ya mpira makubwa kuliko ya pikipiki yake. Tulikuwa tumeingia fainali ya mashindano ya kuwania mbuzi. Beberu mwenyewe alikuwa amefungwa mbele ya duka la mfadhili, anatafuna majani, na mtaa mzima ulishapita kumwamkua. Lakini katika nusu fainali, dhidi ya vijana wa Mishomoroni, straika mmoja mwembamba alimpita beki wetu kama pikipiki inavyoipita trela kwenye mlima, akafunga. Tulishinda kwa taabu.

"Mzee amechoka," kocha akatuambia siku iliyofuata, beki mwenyewe akiwa kazini. "Hatuwezi kudanganyana. Likoni tutakaokutana nao fainali wana mbio. Acha tumweke yule kijana wetu nyuma."

Kijana aliyemsema alikuwa mvulana wa kumi na tisa kutoka Mariakani, miguu ya swala, mdomo wa samaki. Hasemi. Ukimsalimia anaitika kwa macho.

"Na mzee atakaa wapi?" nikauliza.

"Benchi."

"Nani atamwambia?"

Kila mmoja akaanza kukagua njumu zake. Kisha golikipa, mwana wa hapa hapa, akacheka. "Jambo kama hili kwetu haliendi kwa miguu yake. Hutumwa mshenga. Meneja, wewe ni rika lake. Nenda kamuoze benchi."

Ndivyo nilivyojikuta naelekea kwa rafiki yangu alasiri ile, na haluwa mkononi, maana mshenga haendi mikono mitupu. Mkewe akanipokea mlangoni, akaitazama ile haluwa, akanitazama mimi.

"Shemeji! Haluwa ya nini leo? Umekuja kuposa? Binti zangu wote washaolewa. Nimebaki mimi tu, nami nina mume, ijapokuwa ni wa goti moja."

Mume wa goti moja alikuwa amekaa barazani analisugua kwa mafuta. Tukaamkuana. Tukaulizana hali, na hali za watu wa nyumbani, na za watu wa Lunga Lunga ambao yeye hawajui. Tukaizungumza mvua. Kahawa ikaletwa. Nikazunguka na kuzunguka mpaka nikaishiwa na mvua.

"Wamekutuma," akasema, kipande cha haluwa kikiwa mdomoni.

"Wamenituma."

"Yule wa boda boda?"

"Timu."

Akatafuna taratibu. "Haluwa yenyewe nzuri. Lakini ada ya posa waijua. Mshenga hajibiwi papo hapo. Waambie waliokutuma kwamba wazee watakaa, watashauriana, jibu litakuja."

"Wazee gani?"

"Mimi na hili goti."

Nilicheka, naye akacheka, lakini kicheko chake kilikatika mapema. Akafuta mikono kwa kitambaa.

"Yakhe, kule yadi wameleta malori mapya. Yana kamera nyuma. Dereva atazama kioo kidogo pale mbele yake, na gari lenyewe lalia pii, pii, pii likikaribia ukuta. Mimi naitwa siku hizi likija gari kuukuu, au likikwama. Saa nyingine nashinda juu ya tairi kama nauza. Pale uwanjani ndipo mahali pamoja nilipobakia ambapo nikisema rudi, kitu charudi. Nikitolewa pale, nitakuwa nani? Mtu wa kupiga kelele nyumbani?"

"Na hapa pia hatukusikii!" mkewe akajibu kutoka ndani.

Hapo ndipo mzigo wa ushenga ulipoanza kuniuma mabegani. Nilikuja kumwomba akae kitako kwa alasiri moja, kumbe nilikuwa namwomba kitu cha mwisho alichokuwa nacho.

"Jumamosi nitakaa benchi," akasema. "Sitaki timu igombane kwa ajili yangu. Lakini jibu la posa, bado."

Jumamosi watu wa Likoni walivuka na ngoma zao, wakajaa upande wa barabara. Beki wetu alivaa jezi, akaketi juu ya tairi la trela ambalo ndilo benchi letu, akanyamaza. Si kimya cha kununa. Alikaa kama mtu aliyekuja kwenye maulidi ya jirani.

Mpira ulipoanza, kijana wa Mariakani aliwasha moto. Alikimbia kulia akanyang'anya, akakimbia kushoto akanyang'anya. Watu wakapiga mayowe. Kocha akanipiga kofi la mgongo: "Umeona? Umeona mbio hizo?" Na kweli niliona. Haki yake nampa, kocha hakuwa mjinga.

Lakini wale mabeki wengine watatu walikuwa wamelelewa na sauti. Miaka yote hawakuwahi kugeuka nyuma kwa sababu nyuma kulikuwa na mtu anayesema. Sasa nyuma kuko kimya. Nikawaona wanageuza vichwa, mmoja baada ya mwingine, kama watu waliosahau kitu nyumbani.

"Mbona huwaambii?" nikamuuliza rafiki yangu.

"Aliye nyuma ya gari ndiye asemaye. Sauti mbili, gari laingia ukutani. Leo kijana ndiye aliye nyuma."

"Lakini hasemi!"

"Hilo nalo naliona."

Basi kimya kilipowazidi, kila beki akaamua kuwa taniboi. "Kata!" akapaza wa kulia. "Nyosha! Nyosha!" akapaza wa kushoto. Wa kati akasema njoo, golikipa akasema rudi. Mmoja akaenda huku, mwingine kule, na kijana katikati akasimama, hajui amfuate nani. Straika wa Likoni, mtu mzima mnene aliyekuwa akitembea tu tangu mwanzo, akapita kati yao akitembea vile vile, akautia mpira wavuni.

"Hiyo trela yenu iegesheni vizuri!" akapiga kelele shabiki mmoja wa Likoni. Ngoma zikalia.

Wakati wa mapumziko kocha alikuja amejikuna kichwa mpaka nywele zimesimama. Alisimama karibu kabisa na beki wetu, angeweza kunyoosha mkono akamgusa, lakini akanigeukia mimi.

"Meneja, mwambie aingie."

"Si huyo hapo?"

"Wewe ndiye mshenga."

Nikamgeukia rafiki yangu. "Bwana, nimetumwa tena."

"Na haluwa iko wapi?"

Nikampa maji. Akanywa, akajifuta mdomo. "Sawa. Lakini kijana hatoki."

Kocha akasahau kwamba anatumia mshenga. "Hatoki? Mzee, huyo ndiye nilitaka kumtoa!"

"Akitoka yeye, nani atakimbia? Mimi? Mimi nina macho, yeye ana tairi. Nisimame nyuma, yeye akae mbele yangu. Atoke namba tatu. Amekula pilau kabla ya kuja, wallahi nimemwona."

Namba tatu hakubisha. Alivua jezi haraka kuliko alivyokimbia siku nzima.

Kipindi cha pili sitakisahau. "Kata. Kata. Nyosha!" Sauti ilipotoka tu, mabega ya mabeki wale yakashuka. Wakaacha kugeuka. "Wee kijana, bado... bado... sasa! Toka!" Na kijana akatoka kama jiwe la manati, akarudi na mpira. Si kwamba mzee alikuwa amepata miguu mipya. Mara mbili aliteleza, na mara moja alipitwa tena, mchana kweupe. Lakini alipopitwa, kijana alikuwa ameshaambiwa asimame wapi.

Tukasawazisha kwa kona, mpira uliogonga watu huku na huku kama bembea, sijui hata nani alifunga. Karibu na mwisho, Likoni wakatoka mbio, yule mnene safari hii anakimbia kweli, na kijana amejikunja tayari kumvaa.

"Mwachie," ikasema sauti.

Kocha akashika kichwa.

"Mwachie... mwachie aende kona ile... mwachie..."

Kona ile ina kokoto zilizomwagwa na malori. Wenyeji hatukimbii pale na mpira, lakini mtu wa Likoni angejuaje? Mpira ukamruka, ukamtangulia, ukatoka nje wenyewe.

"Hapo hapo," akasema beki wetu.

Tukaenda penalti, na penalti haina beki. Tukashindwa. Beberu wetu tuliyemwamkua wiki nzima akaondoka na ngoma za Likoni, analia njia nzima kuelekea feri. Kocha alimsindikiza kwa macho. "Mzee angeanza..." akasema, akaenda kuwasha pikipiki.

Wiki iliyofuata nilikuwa nafunga begi. Nilikuwa nimesikia habari za Kilifi, kazi ya kuangalia nyumba ya mtu, na miguu ilishaanza kuniwasha. Hodi ikapigwa. Alikuwa rafiki yangu na sahani iliyofunikwa kwa kawa. Haluwa.

"Nimeleta jibu la posa," akasema.

"Imekataliwa?"

"Imekubaliwa. Lakini arusi haina tarehe, na mahari ni lazima. Nataka yule kijana ajifunze kusema. Siku akisema, mimi nitakaa benchi mwenyewe bila kutumiwa mtu."

Akaanza siku ile ile. Likija yadini lori kuukuu lisilo na kamera, akimwita kijana na kumsimamisha nyuma ya gari. Siku ya kwanza kijana alinong'ona hata dereva akatoa kichwa dirishani. "Huyu ananiongoza au anasoma dua?"

Begi langu lilikaa limefungwa pale mlangoni. Nilijiambia nitaondoka baada ya mazoezi ya jioni, kisha baada ya mazoezi mengine. Na jioni moja nikakuta mambo yamegeuzwa. Kijana amesimama nyuma kabisa, mikono kiunoni, na beki wetu yuko mbele yake, mmoja tu kati ya mabeki watatu, goti na kitambaa chake.

"Kata kushoto," akasema kijana.

Mzee hakutikisika. "Sisikii!"

"Kata kushoto."

"Kuna upepo huku! Wasemaje?"

"Kata kushoto, mzee!" Sauti ikafika mpaka yadini, na mtu aliyekuwa juu ya kontena akageuka.

Akakata kushoto, polepole, akichechemea. Kocha akatazama chini, akawa anachora mchanga kwa kidole cha mguu. Mimi nilisimama nyuma ya lango na mfuko wangu wa jezi.

"Nyosha," akasema kijana. "Sasa rudi. Rudi. Rudi..."

Na beki wetu wa mwisho akarudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, bila kugeuza kichwa hata mara moja, mpaka alipoambiwa hapo hapo.