Herufi Yenye Tumbo

Mimi Salvör sivumilii uchafu, na mji mzima unajua. Kazi yangu ni kulinda bafu la wanawake kwenye bwawa la kuogelea la Þaravík, nihakikishe hakuna anayeingia majini kabla hajajisugua kwa sabuni. Waziri mwanamke akija, atajisugua. Mke wa waziri atajisugua mara mbili, kwa sababu wake wa mawaziri hufanya haraka. Kwa hiyo nikikwambia kwamba nilishindwa na mtoto wa miaka mitatu, ujue nasema kwa uchungu. Lakini nacheka pia, siwezi kujizuia.

Mtoto mwenyewe ni Ylfa. Mama yake ni Dagný, mchoraji wa nembo, mabango na majalada ya vitabu. Hana bosi, hana ofisi. Ofisi yake ni meza ya jikoni, na saa zake za kazi anazipanga Ylfa. Mtoto akilala ndani ya kigari chake nje ya dirisha la jikoni, theluji ikimdondokea juu ya kifuniko kama ilivyotudondokea sisi sote utotoni, Dagný anachora mbiombio. Mtoto akiamka, kazi imekwisha hata kama haijaisha. Siku moja Dagný aligeuka kukoroga uji wa shayiri, Ylfa akapanda kwenye kompyuta, na kasisi wetu aliyekuwa akisubiri jalada la kitabu cha nyimbo akatumiwa ukurasa mzima wa herufi k. Kasisi akajibu: "Amina."

Wana mkataba wao, mama na mtoto. Kila Dagný anapomchorea mtu kitu, sharti amchoree na Ylfa kitu hichohicho mwilini, mkononi au gotini, popote mwenyewe anapochagua. "Mteja wa kwanza ni mimi," Ylfa humwambia, na mikono kiunoni.

Lakini majira hayo ya baridi wateja wengine walikuwa haba. Dada yake Dagný, Jódís, anayeishi Reykjavík, mji mkuu, akamtafutia kazi ya ofisini huko, ofisi ya matangazo yenye lifti na mimea ya plastiki. Jibu lilitakiwa Ijumaa. Nilikuwepo siku Jódís alipopiga simu, sauti yake ikijaa chumba cha kubadilishia nguo.

"Mshika mbili moja humponyoka, Dagný. Kazi na mtoto havishikiki pamoja. Chagua!"

"Wewe mwenyewe sasa hivi umeshika nini?"

"Usukani. Na simu. Na kahawa. Hayo ni mengine!"

Tulicheka, ila simu ilipokatika Dagný alikaa kwenye benchi akiikunja taulo ya Ylfa na kuikunjua. Kule angemwacha mtoto chekechea kila siku kukiwa giza na kumchukua kukiwa giza. Hakutaka. Alitaka meza yake ya jikoni. Na ili meza hiyo ibaki, ilimbidi apate kazi moja tu, ile ya nembo mpya ya bwawa letu, iliyokuja na vibao, tiketi na mabango ya mji mzima. Kazi ya mwaka. Walibaki wawili, yeye na ofisi moja ya mji mkuu, na kamati ilikuwa iamue Alhamisi saa nne asubuhi, hukuhuku bwawani, katika chumba chetu cha kahawa.

Alhamisi hiyo, asubuhi na mapema, Dagný akanitokea mlangoni anahema, Ylfa kwapani kama kifurushi.

"Chekechea yake ya Alhamisi imefungwa! Walimu wana kikao chao, nilisahau kabisa!"

Hakuna mama mji huu ambaye hajawahi kuisahau siku hiyo. "Sasa?" nikauliza.

"Mpango ninao, Salvör! Namchosha majini, namlisha, namlaza kigarini chini ya dirisha la chumba cha kahawa. Naingia kikaoni mwepesi kama unyoya!"

"Na asipolala?"

"Salvör, usiniletee mkosi!" Macho yalimwaka. Alikuwa na hofu na furaha kwa pamoja, na mimi nikaambukizwa palepale, moyo wangu mzee ukaanza kudunda kana kwamba nembo naichora mimi.

Basi wakaoga. Ylfa akavalishwa kaptula yake ya kuogelea na maboya ya mikononi, akaja kwangu kukaguliwa. Nikaona tumboni mwake mchoro mweusi, mkubwa.

"Na hiki?"

Ilikuwa þ, herufi yetu ya kutamkia th kama ya thamani, ile inayoanza jina la mji. Ni mstari mrefu uliosimama, na kitumbo mbele yake. Lakini Dagný alikuwa ameiketisha. Mstari ulilegea kidogo kama mgongo wa mtu aliyestarehe, tumbo likakizunguka kitovu cha Ylfa, na mawimbi mawili yakapita kifuani pake. Mtu ndani ya maji moto! Nimeishi na herufi hiyo tangu nizaliwe na sikuwahi kuona kwamba inaoga.

Hata hivyo kazi ni kazi. "Uchafu ni uchafu," nikasema, nikachukua sabuni na brashi laini. Nikasugua. Wapi! Dagný akaweka mkono kinywani. Asubuhi ile, kwa papara, alikuwa ameshika kalamu ya wino usiofutika.

"Unanitekenya, Salvör!" Ylfa akapiga kelele. "Hicho si uchafu, hiyo ni kazi!"

Nikageuka kuchukua sabuni kali zaidi. Kugeuka tu, mtoto hayupo. Alikwishapita chini ya mkono wangu, akasukuma mlango na kutoka nje kwenye upepo na mvuke, miguu ikipiga sakafuni pata pata pata, mimi nyuma yake na kandambili zangu, Dagný nyuma yangu akijifunga taulo na kulia, "Ylfa! Usikimbie!"

Alikimbilia beseni la maji moto, lile la nje la kuketi watu. Na nani waliokuwa wameketi humo? Kamati nzima. Sisi mambo yote tunayaamulia ndani ya maji moto. Kikao chenyewe huwa ni cha kunywa kahawa tu. Mwenyekiti ni Böðvar, bwana mkubwa wa sauti na wa mwili, ambaye tumbo lake hutangulia chumbani na yeye hulifuata.

Ylfa akasimama ukingoni, kitumbo mbele.

"Umechorwa nini hapo, bibie?" Böðvar akauliza.

"Siri ya kikao."

"Loo! Sisi ndio kikao."

Ylfa akafikiri. Akaona jibu ni sawa. "Ni þ. Inaoga kama wewe. Mama amesema tumbo lake ni la Böðvar."

Maji yakimwagika hayazoleki, na hayo yalimwagika mbele ya watu watatu. Wale wawili wa kamati walitazama milimani. Dagný alikuwa amefika, amesikia kila neno, uso mweupe kama taulo. Böðvar akainuka polepole, maji yakishuka pande zote. Akatwaa kofia yake ya sufu, akaelekea bafu la wanaume.

"Kitumbua changu kimeingia mchanga," Dagný akaninong'oneza tulipokuwa tukimvalisha mtoto. "Nampigia Jódís sasa hivi, nimwambie nakuja."

Hapo nikakasirika, nakiri. "Utafanya nini? Umeifanya herufi ioge, mwanangu! Weka simu. Vaa. Panda juu."

Ylfa alilala kabla kigari hakijasimama vizuri. Dagný akapanda ngazi, nami nikapanda na birika la kahawa, kwa sababu lazima mtu amimine kahawa, na siku hiyo nilitaka niwe mimi. Wale wa mji mkuu walikuwa wamekwishaonyesha ya kwao, tone la maji la buluu, zuri, kama matone ya mabwawa yote duniani. Dagný akawasha kompyuta. Akaanza kueleza, akajisahau, mikono ikaruka, akawa yule Dagný wa jikoni mtoto anapolala na dakika ni chache. Nilimwaga kahawa mezani kwa kumsikiliza.

Alipomaliza, Böðvar aliitazama ile þ kubwa ukutani, akakuna kidevu.

"Nina lawama moja," akasema.

"Böðvar, naomba radhi sana, mtoto ali..."

"Umelipunguza."

"Nini?"

"Tumbo!" Akasimama kwa kishindo, akaenda ukutani, akageuka ubavu kando ya herufi na kulisukuma mbele kadiri Mungu alivyomjalia. "Tazameni, jamani! Hili na lile ni sawa? Tumbo hili nimelilea kwa samaki na siagi, leo linawekwa ukutani likiwa limekonda! Ongeza, dada! Ongeza bila aibu!"

Tulicheka mpaka vikombe vikalia. Mmoja wa kamati alikuwa akifuta machozi kwa tai yake. Mimi nilipiga meza kwa sinia, na sijui nililitoa wapi sinia. Na katikati ya kelele hizo, kutoka chini ya dirisha, ikapanda nyingine:

"Mamaaa!"

Dagný akaganda, mkono mmoja kwenye kompyuta, mwingine kuelekea mlangoni. Böðvar akafungua dirisha, upepo ukaingia na theluji kidogo.

"Ylfa! Mama anakuja! Tunamkabidhi kazi kwanza!"

"Mteja wa kwanza ni mimi!" ikajibu sauti kigarini.

"Amesema kweli," Böðvar akatuambia. "Nenda, Dagný. Sisi tutasubiri zamu yetu."

Aliruka ngazi, hata koti hakuchukua. Nikachungulia dirishani nikamwona amembeba Ylfa aliyejaa usingizi na hasira, simu imebanwa kati ya sikio na bega, akirukaruka pale kwenye theluji.

"Jódís? Siji! Nimesema siji! Eti nini? Kelele gani?" Akambusu mtoto kipajini. "Sikiliza, nitakupigia baadaye. Nina mteja."