Spika za kompyuta nilizirudisha dukani siku tisa baada ya warranty kuisha, mzee wangu hakusubiri

Wakuu, habari za mchana.

Haya yamenitokea mwenyewe, na mama yangu yupo hai, anaweza kunisuta nikiongeza neno. Shule niliishia form two, kwa hiyo msitegemee mapambo.

Mimi ni mtu wa kuzunguka. Nimechimba visima, nimefyatua tofali, nimebeba magunia ya vitunguu. Nikiona kifaa lazima nijue ndani kuna nini. Tangu mdogo nimeharibu redio nyingi kuliko nilizotengeneza.

Nyumbani kwetu ni Mungaa, Ikungi.

Mwaka juzi mdogo wangu Neema alifariki kwa uzazi, yeye na mtoto. Aliacha rekodi moja kwenye simu ya mama, dakika nne hivi. Anasonga ugali huku anaimba wimbo wa kwaya. Mzee anamtania kwa Kinyaturu kwamba ugali unaungua. Neema anacheka, anasema, "Baba, niache nimalize." Inakatika hapo.

Mzee masikio yalishachoka. Sauti ya simu kwake ilikuwa kama nzi.

Nikanunua spika za kompyuta Singida mjini, zile za sabufa moja na vispika viwili, warranty mwaka mmoja. Unachomeka waya kwenye simu, basi.

Siku ya kwanza mzee aliweka kiganja juu ya sabufa akafumba macho. Neema alipocheka, boksi likatetemeka chini ya mkono wake.

Akasema, "Yupo humu."

Tangu hapo ikawa kila siku baada ya chakula cha mchana.

Sasa hapa naomba msome taratibu.

Kwetu kifaa cha thamani hakiachwi uchi. Mama alitoa kitambaa cha kufuma, kile Neema alichokifuma mwenyewe, akalifunika boksi lote mbele na nyuma. Nyuma ndipo kuna lile bamba la chuma la kutolea joto. Niliona. Nikasema pamependeza.

Halafu mzee alikataa isizimwe. Alisema taa nyekundu ikiwaka Neema anapumzika, ikizimwa tumemfungia nje. Ikawa inawaka usiku na mchana, imevaa kitambaa, mwaka mzima.

Kwenye skrubu kulikuwa na stika, ukiibandua warranty imekufa. Kwa mara ya kwanza maishani nikajizuia kufungua kitu. Nikamwagiza mama, "Asiguse mtu hizo skrubu. Hata fundi Saidi." Huyu fundi Saidi anatengeneza redio pale senta, jirani yetu kabisa.

Nikaondoka.

Mwezi wa kumi na moja wa warranty nilikuwa Kilimatinde, kwenye kazi ya ujenzi. Mama akapiga.

"Elia, ile kitu yako inaunguruma. Kama mzinga wa nyuki."

"Na Neema anasikika?"

"Anasikika, ila yuko ndani ya nyuki. Fundi Saidi anasema aifungue aangalie."

"Mama, hapana! Warranty bado ipo. Nakuja niipeleke dukani."

"Unakuja lini?"

"Wiki hii."

Wakuu, sikwenda wiki hiyo. Wala iliyofuata. Kazi ya Kilimatinde ilipoisha nikasikia kuna watu wanachimba madini mahali, nikataka kuona wanavyofanya. Ndivyo nilivyo.

Nilirudi nilipoambiwa mzee hali chakula tena. Hospitali walikuwa wamemrudisha nyumbani, wametuambia tumtunze tu. Miguu imevimba, sauti imebaki ya kunong'ona. Nikampa shikamoo. Hakuniuliza nimetoka wapi. Alisema, "Niwekee Neema."

Taa nyekundu ilikuwa imezima. Mama akasema ilizima wiki ile ile mzee alipoacha kula, yenyewe, bila kishindo.

Tukamwekea simu sikioni. Akaisukuma.

"Huyo yuko mbali."

Kesho yake asubuhi nikaibeba hadi mjini. Risiti ninayo, stika haijaguswa. Muuza duka akaisoma, akahesabu kwa vidole.

"Kijana, warranty ilikufa siku tisa zilizopita. Ungeileta ikiwa hai."

"Boss, ilianza kuunguruma warranty ikiwepo."

"Iliunguruma ukiwa wapi?"

Nikaikunja risiti.

Akacheka, si kwa ubaya. Akasema hizi zote zina tabia moja, mwaka ukipita zinakwenda, ninunue nyingine. Mfukoni nilikuwa na nauli tu.

Nikarudi Mungaa moja kwa moja kwa fundi Saidi.

"Karibu mtalii," akasema. "Leo tunaruhusiwa kugusa?"

Stika niliibandua mwenyewe kwa kucha. Ndani tulikuta kapasita mbili kubwa, vile vikopo vya kutunza umeme, zimevimba vichwa kama maandazi, zimebanwa kati ya transfoma na lile bamba la joto. Saidi alinionyesha maandishi ya volti ubavuni. Akapima umeme unaofika pale. Unakaribia kabisa kikomo cha kapasita, hakuna nafasi ya kupumua. Kwenye rafu yake kulikuwa na maboksi mawili ya aina ile ile, ugonjwa ule ule.

"Hii ingeishi mwaka na kidogo hata bila nyie," akasema. "Ila na nyie mmeipika."

Akaongeza kwamba siku ilipoanza kuunguruma ingekuwa kazi ya nusu saa, maana kapasita kama zile alikuwa nazo. Sasa zimeisha.

Nikalala, alfajiri nikapanda gari kurudi mjini. Duka la spea pale Utemini lilichelewa kufunguliwa, nikakaa nje nikilitazama kufuli. Nilizipata. Saa nane mchana Saidi akamaliza kuzichomelea kwa risasi, tukaiwasha, taa ikawaka, kimya safi bila nyuki.

Nikaibeba kichwani nikikimbia.

Nikiwa mbali bado na nyumba nikaona viti vya jirani vinaingizwa uani.

Mama alisema mzee, kabla hajakata roho, aliuliza mara mbili kama nimefika.

Nilichojifunza ni hiki. Kifaa kikianza kulalamika ndani ya warranty, kipeleke siku hiyo hiyo, usiipe simu ahadi. Usikifunike mgongo hata kwa kitambaa cha upendo. Na kama duka liko mbali na fundi yuko jirani, mwache afungue. Stika ile inamlinda muuzaji. Mimi niliilinda mwaka mzima kuliko nilivyomlinda baba.

Wenye utaalamu humu, nisaidieni: mtengenezaji anayebana volti namna ile anakosea, au anajua anachofanya? Na kuna aliyenunua spika za namna hii zikavuka mwaka wa pili? Semeni, nasoma zote. Matusi pia nitayasoma.

Niko Mungaa bado, wiki ya tano. Sijawahi kukaa nyumbani kiasi hiki.

Sabufa ipo mezani, haina kitambaa. Jana baada ya chakula mama aliiwasha. Masikio yake ni mazima kabisa, lakini aliweka kiganja juu.