Kwale wa Jirani

Tangu chama chetu cha kijiji kikubaliane kuchelewa kukata nyasi ili ndege walee vifaranga, kwale wote wamehamia kwa jirani. Kwangu hata unyoya sijaokota. Nyasi ni zile zile, mvua ni ile ile, ua tu ndio unaotutenganisha, lakini wao wanamtaka yeye. Na anavyojua kujidai! Kila asubuhi hupita ukingoni mwa shamba lake miguu mitupu, kandambili mkononi, eti asiwashtue. Vile vidole vyake vinene hupangua majani kama mama anayemsuka mtoto aliyelala. Akikuta kiota huchomeka kijiti chenye kitambaa chekundu, kisha hunigeukia na kuninong'oneza, "Mwingine tena, mwenzangu." Nami hucheka, kicheko cha meno tu.

Jana trekta lilikata kwake, likianzia katikati kwenda pembeni kama chama kilivyoagiza, ndege wapate njia ya kukimbilia. Yeye alitangulia mbele akipiga makofi polepole. Mara kwale mmoja akachomoka, vifaranga nyuma yake, wakapenya chini ya ua na kutokomea ndani ya nyasi zangu. Makofi yakakatika. Jirani akaukamata ua kwa mikono miwili. "Hao ni wangu!" akafoka, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Nikaweka kidole mdomoni. "Taratibu, dada," nikamnong'oneza. "Utawashtua."

Kisha nikavua kandambili zangu.