Walibeba Chaja, Wakaacha Mashine

Kompyuta ya papa, baba yangu marehemu, ilibaki kwetu kwa sababu moja tu: ilichelewa kuwaka. Siku ya kugawa vitu vyake, matanga yalipomalizika, ndugu zake walikaa sebuleni wakajaribu kitu kimoja kimoja. Redio iliwashwa, ikaimba, ikaenda. Baiskeli ilizungushwa uani, ikaenda. Suti zilipimwa mabegani mbele ya mama, na hata zile zilizowabana walizibeba, eti watoto watakua. Ikafika zamu ya kompyuta. Papa mukubwa, yaani kaka mkubwa wa papa, ambaye kwa desturi yetu ndiye aliyekuwa na neno siku ile, alimpa mwanawe aliyesomea mambo ya mashine. Kijana akabonyeza, tukangoja. Watu walisali sala ya kufunga, wakaanza kutafuta viatu vyao mlangoni, na skrini ilikuwa bado ya buluu, inazungusha kile kiduara chake.

Mwana wa papa mukubwa alisema, "Hii iko kadavre," yaani maiti, akaifunga. Lakini chaja aliichomoa ukutani, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. Chaja ilikuwa nzima.

Mtu akiniuliza hasira yangu ilianzia wapi, ilianzia kwenye ile chaja.

Nina hasira za karibu. Mama husema nilizirithi kwa papa, na papa alikuwa akisema nilizirithi kwa mama. Siku ya mazishi papa mukubwa alikuwa ametoa amri kwamba watoto wote wa marehemu wanyoe vichwa, kama inavyofanywa. Wadogo zangu walinyoa. Mimi nilikataa. Nilipokuwa mdogo, papa ndiye aliyenishika kichwa kwa mikono miwili mama akinisuka, maana nilikuwa na tabia ya kutoroka nikiwa nimesukwa upande mmoja, na siku ile ya mazishi nilivisikia bado vidole vyake kichwani. Hayo sikumweleza mtu. Nilisema tu kwamba sinyoi. Shangazi zangu wakalia kwa ajili ya kaka yao na kwa ajili ya kichwa changu pia, na papa mukubwa akatangaza mbele ya watu kwamba mtoto wa namna hii hana uchungu na baba yake.

Papa alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule moja ya hapa Kabondo, mtaa wetu wa Kisangani. Ndani ya ile kompyuta kulikuwa na maswali yake ya mitihani, ya miaka na miaka, aliyoyapiga kwa vidole viwili. Hayakuwa maswali ya kunakili kitabuni. Kulikuwa na mvuvi wa Barumbu anayepanda mto na samaki wa kukaushwa huku injini ya pirogi inakohoa. Kulikuwa na mkulima wa Yahuma mwenye magunia ya mihogo na baiskeli ambayo gurudumu lake linapoteza pumzi kila kilometa fulani. Na karibu kila mtihani alikuwamo mama mmoja wa Kabondo anayenunua ndizi za kupigia lituma, zile za kuchemshwa na kupondwa, ambaye hakuna muuzaji aliyewahi kumshinda kwa maneno. Wanafunzi wote walimjua mama huyo ni nani. Yeye mwenyewe alisikia tu kwamba yumo, maana hakuwahi kuyasoma. Papa alimwahidi kwamba siku moja atayachapa yote, ayaweke pamoja, amsomee. Nakala nyingine haikuwapo popote.

Basi kilichokuwa mezani petu hakikuwa kompyuta. Alikuwa ni yule mama wa Kabondo, na diski ilikuwa inakufa naye ndani. Nilitaka mama ajisome kabla hajapotea, na nilitaka hivyo kwa nguvu zangu zote, kama vile ningeweza kuwanyang'anya wale watu suti, baiskeli na redio kwa mkupuo mmoja.

Nilianza na njia ya kila mtu, kwa chaja ya jirani mmoja kabla hajahama nayo. Niliomba mfumo mpya wa kuendeshea kompyuta, ule unaotumiwa mjini kote, nikaupeleka kwenye mashine. Mashine ikaukataa hata kabla ya kuonja, ilikuwa ya zamani mno kwake. Na ule mfumo wa zamani uliokuwamo ulikuwa umejaa virusi vya flashi za walimu wote wa Kabondo, kiasi kwamba kufungua folda moja ulikuwa ni mwaliko wa kwenda kupika na kurudi. Mara nyingi nilirudi nikakuta imejizima yenyewe, kabla hata mtihani mmoja haujanakiliwa.

Rafiki yangu wa fakultati, yaani wa chuo kikuu, alinicheka kwanza, kisha akanipa flashi yake ndogo. Ndani alikuwa ameweka mfumo ambao sikuwahi kuusikia, na hata leo nikiutaja jina hapa Kisangani watu wanadhani ni dawa ya malaria. Aliniambia unatengenezwa na watu wachache wa kujitolea, kila mmoja na nchi yake, ambao wameshikilia kwamba mashine haifi kwa sababu tu maduka yametaka ife. Niliwapenda watu wale bila kuwaona. Mfumo wenyewe haukuwa na urembo wowote, ni maandishi meupe juu ya weusi, unauliza swali, unangoja jibu.

Akanionya jambo moja. Swali kubwa litakuja la diski: nifute kila kitu, au nisogeze vya zamani upande mmoja na kuupa mfumo mpya nafasi pembeni. Kufuta ni haraka. Kusogeza ni polepole, na umeme ukikatika wakati inasogeza, hakitabaki kitu, si cha papa wala cha mtu mwingine. Betri ya mashine ilikuwa imekufa zamani. Na kwetu umeme huja unapojisikia.

Ndiyo maana nilikwenda kwa kinyozi. Alikuwa mtu wa Maniema, mpole, mwenye saluni ya mbao kando ya barabara na jenereta nje chini ya kipande cha bati, sisi tunaiita groupe. Alikuwa pia anachaji simu za mtaa mzima, kwa hiyo alikuwa na sanduku la nyaya za kila kabila. Tulitafuta humo mpaka tukapata chaja iliyokubali, ingawa shingo yake ilibidi kufungwa kwa kamba ili isilegee. Sharti lake lilikuwa lile lile kwa wote: groupe inanguruma wakati kuna kichwa kitini. Vichwa vikiisha, anazima, mafuta si maji.

Asubuhi ile benchi lilikuwa limejaa wanaume, nikaona bahati imenisimamia. Nikachomeka flashi, mashine ikakubali, maandishi meupe yakashuka. Swali la diski likaja. Nikachagua kusogeza. Mstari mdogo ukaanza kujijaza kutoka kushoto, taratibu, na nikakaa nao kama mtu anayechunga maziwa jikoni.

Wanaume wa Kabondo siku ile walikuwa na haraka zao. Hakuna aliyetaka ndevu, hakuna aliyetaka kubishana juu ya mpira. Walinyolewa, wakajipangusa shingo, wakapanda toleka, baiskeli za kukodi, wakaenda. Wa mwisho alipoinuka, mstari wangu haukuwa umefika hata katikati. Kinyozi akakung'uta kitambaa, akatoka nje kuelekea kwenye groupe.

Nikamwita kutoka mlangoni kwa heshima ya mjomba, "Tonton, usizime. Kichwa iko bado moja."

"Ya nani?"

"Yangu."

Alirudi akanitazama. Habari ya kichwa changu aliijua, Kabondo nzima iliijua. Alinifunga kitambaa shingoni, nami nikaomba kiti kigeuzwe ili niione skrini badala ya kioo. Kisha nikamwambia anyoe polepole, polepole kabisa.

Alinyoa polepole kweli. Alianza kwa makasi kwanza, msuko mmoja, kisha mwingine, ingawa makasi hayahitaji umeme na groupe ilikuwa inanguruma bure. Halafu akashika mashine ya kunyolea. Nililia. Sikuulilia mfumo. Nililia kwa sababu nilikuwa nimekitetea kichwa kile mbele ya ukoo mzima, na sasa nilikuwa ninakitoa mwenyewe, na mahali palipokuwa pa vidole vya papa palikuwa panashuka sakafuni na kukanyagwa. Kinyozi alipomaliza mstari ulikuwa bado umebakiza kipande. Akapita tena kichwani mwangu, akapita tena, mahali ambapo hapakuwa na unywele hata mmoja. Alikuwa ananinyoa ngozi.

Mstari ukajaa. Mashine ikajizima, ikajiwasha, na kabla kinyozi hajamaliza kukunja kitambaa ilikuwa imeshaamka, ikiniuliza jina langu. Nikaandika jina. Nikatafuta upande wa papa. Mtihani wa kwanza ukafunguka, na yule mvuvi wa Barumbu alikuwa bado yuko mtoni na injini yake inakohoa.

Nilirudi nyumbani na ile kompyuta kifuani, na chaja niliyoazimwa mpaka nipate yangu. Njiani majirani walifurahi. Mmoja alinishika mkono na kunipa pole kana kwamba papa amekufa jana, akasema sasa nimemlilia baba yangu. Sikumsahihisha. Mama ndiye aliyesimama na mwiko mkononi akaniangalia kichwa muda mrefu. Nilipomsimulia, alicheka hadi akakaa chini, kisha akaacha kucheka na kunipapasa kichwa chote, kama anayetafuta alama.

Jioni umeme uliporudi tulisoma. Mashine ina tatizo moja ambalo mfumo haukuweza kuliponya: kile kibetri cha kutunza saa kimekwisha, kwa hiyo kila inapowashwa inajikuta katika mwaka wa zamani. Kwa mashine, papa yuko hai, yuko darasani na chaki. Lazima niiandikie tarehe ya leo kwa mkono. Mara ya kwanza vidole vyangu vilikataa. Mama akaniambia niandike, chakula kinapoa. Nikaandika, nikamfungulia mtihani. Maswali yalikuwa kwa Kifaransa cha shule, akawa anasoma kwa sauti na kidole kwenye skrini, na alipofika kwa mama wa Kabondo, anayeambiwa bei na kujibu kwamba kwa bei hiyo auziwe na mgomba wenyewe, akasema hakuwahi kusema maneno hayo. Kisha akasoma tena. Tukamaliza mtihani mmoja tu siku ile, kwa sababu alitaka pia kupiga hesabu yenyewe na kupata jibu.

Habari haikai ndani ya ua wa Kabondo. Wanafunzi walianza kuja niwapigie kazi zao, mlio wa vitufe ukasikika hadi barabarani, na Jumapili moja baada ya misa papa mukubwa akaingia na mwanawe. Mwana alikuwa na begi tupu begani. Papa mukubwa aliona kwanza kichwa changu, uso ukamlainika.

"Bon," alimwambia mama. "Mutoto alinyoa, ni muzuri. Sasa ile machine, juu inatembea, irudie kwa famille. Huyu ataiformater, ataweka système ya batu bote."

Yaani mashine ikishafanya kazi ni ya ukoo. Lakini mimi nilisikia neno moja tu, formater, na maana yake ni kufuta. Nikasimama kati yao na meza. Nikamwambia papa mukubwa, kwa adabu niliyoweza kuipata, kwamba nywele zangu sikuzikatia matanga, nilizikatia mashine hii ili aliyemo ndani asife, na kwamba kama anataka kuibeba, anibebe na mimi juu yake. Akanikodolea macho. Mwanawe akaanza kunieleza kwamba mfumo huu haujulikani, hauna maana, hautadumu.

Mama alikuwa hajawaambia neno tangu siku ya ugawaji. Hata redio ilipoondoka ikiimba hakusema. Sasa alijipangusa mikono kwenye kitenge, akaja akasimama kando yangu.

"Bitu bizima mulibeba, na sikusema," alimwambia papa mukubwa. "Kadavre ya bwana yangu tulizika sisi wote pamoja. Hii kadavre ingine muliniachia mie peke yangu. Mie njo niliilinda, mutoto wangu njo aliifufua. Haiende."

Papa mukubwa alitazama kompyuta, akatazama kichwa changu. Akageuka. Walikuwa wamefika mlangoni mama alipowaita, wakasimama wote wawili, nadhani walifikiri amebadili nia.

"Na ile chargeur," mama akasema. "Murudishe."

Nywele zangu zimerudi, mama amenisuka tena, na safari hii hakuna wa kunishika kichwa, najikaza mwenyewe. Chaja haijarudi. Kila Jumapili misa ikiisha, mama anamngoja papa mukubwa mlangoni mwa kanisa, anamsalimia vizuri, anawaulizia watoto, halafu anaiulizia.