Kimo cha Kitanda

Fundi huyu alikuwa na desturi moja ambayo wateja waliicheka mpaka walipoizoea. Mtu akija kuagiza kitanda, hakuanza kumuuliza habari za mbao wala za nakshi. Alimvutia kigoda, akamwomba akae na avue viatu, kisha yeye akapiga goti na kumpima mguu, kuanzia kisiginoni hadi nyuma ya goti. Kitanda, alisema, watu hudhani ni mahali pa kulalia, kumbe ni mahali pa kuamkia. Mtu akiketi ukingoni asubuhi, nyayo zake zote mbili zikae sakafuni, kisigino na vidole, asimame bila kujivuta.

Wa kwanza kupimwa hivyo alikuwa mke wake, kabla hajawa mke wake. Alikuwa mfupi, alijua kwamba ni mfupi, na hakutaka kukumbushwa. Fundi alipotaja kipimo kwa sauti, maana ndivyo alivyozoea, mchumba alimwuliza kama anatengeneza kitanda au sanduku. Kitanda kilitoka cha chini kuliko vyote alivyowahi kuunda. Shemeji zake walipokuja kukitazama walisema bado kidogo tu maharusi walale sakafuni. Fundi mwenyewe, mrefu kama nguzo ya umeme, akiketi juu yake magoti yalimkaribia kidevu. Hakujali. Kila asubuhi alimwona mkewe akiteremsha miguu, nyayo zikitua chini kwa pamoja, pa, kisha huyoo, ameshafika jikoni. Mke naye alimwita Fundi tangu siku ile ya kupimwa, na hata walipopata watoto hakubadilisha. Baba fulani, alisema, wako wengi; fundi wangu ni mmoja.

Kazi aliifundishwa na baba yake mdogo, ambaye alikuwa mfupi, na benchi la karakana lilikuwa la kimo cha baba mdogo. Kijana alirithi benchi pamoja na randa na misumeno, na katika miaka yote iliyofuata haikumjia akilini kwamba benchi nalo lina kimo, na kwamba mtu aliyewapimia wengine miguu yao kwa uangalifu ule alikuwa anautesa mgongo wake bure. Aliinama asubuhi mpaka jioni. Alipofika umri wa kuitwa mzee na watu wasiomjua, alikuwa anainuka kwa awamu mbili: kwanza makalio, halafu, baada ya kutafakari kidogo, kiwiliwili. Jirani yake wa karakana, mchomelea mageti ambaye walitaniana tangu ujana, akimwona vile humwuliza amedondosha nini hapo chini, au bado anautafuta ujana.

Kisha mke akaanguka. Alikuwa amesimama jikoni anakoroga chai, kijiko kikamponyoka, akainama kukiokota, hakuinuka. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia wote. Aliporudi kutoka hospitalini alikuwa juu ya kiti cha magurudumu, mguu mmoja umelala kama si wake na wa pili umedhoofu kwa kukaa kitandani. Ulimi ulikuwa mzito, ingawa ukali wake ulibaki ule ule. Mtu alilazimika tu kusubiri kidogo zaidi kabla ya kuchomwa. Kule hospitalini mtu wa mazoezi ya viungo alikuwa amesema miguu huenda ikapata nguvu, muda ndio utakaosema. Fundi alilisikia lile "huenda" kama ahadi.

Hivyo akawa anambeba. Asubuhi kumtoa kitandani hadi kitini, kutoka kitini hadi bafuni, jioni kumrudisha. Kitanda kilikuwa chini mno, kwa hiyo ilimbidi akunjike karibu kugusa sakafu, apitishe mikono chini ya mwili wake, kisha ainuke naye huku akigeuka. Mke hakuwa mzito. Lakini mtu yeyote, akinyanyuliwa kutoka chini kwa mgongo uliopinda, huwa mzito. Haukupita muda, maumivu yakaanza kushuka kutoka kiunoni, yakipitia tako la kushoto na nyuma ya paja hadi kwenye unyayo, na vidole viwili vya mguu vikafa ganzi. Alijikaza kisabuni. Binti yao, aliyeolewa mtaa wa pili na aliyekuja kila jioni kusaidia, ndiye aliyemwona baba yake akipanda ngazi tatu za mlangoni kwa kushika ukuta, na hakumwuliza kama anataka kwenda kwa daktari. Alimwambia avae shati safi.

Daktari wa mgongo alikuwa mwanamke wa makamo, mikono mipana, sauti ya chini. Chumba chake kilikuwa na kitanda chembamba chenye tundu la kuwekea uso, ambacho Fundi alikikagua viungo vyake kabla ya kukubali kulala. Alipigwa picha ya eksirei. Daktari alimwonyesha pingili za uti wa mgongo zilivyopangana, na pale chini, karibu na nyonga, nafasi kati ya pingili mbili ilivyokuwa imebanwa, mshipa wa fahamu ukakosa pa kupita. Kisha akamlaza kifudifudi, akatafuta kwa vidole kama mtu anayetafuta msumari uliozama ndani ya ubao, akaweka kiganja, akamwambia avute pumzi na aitoe, akasukuma. Kilichosikika ni mlio mdogo mkavu. Fundi alisubiri kuumia. Badala yake alihisi joto likishuka mguuni hadi kwenye vile vidole viwili.

Alitoka pale akitembea kama kijana. Mchomelea alimwona akipita na kumwuliza kama sasa amepigwa pasi, na kama wanachukua na mashati.

Daktari alimweleza kwamba kazi haikwisha siku ile. Aje kila wiki mbili, baadaye kila mwezi, hata akijisikia mzima, kwa sababu mgongo huanza kuharibika muda mrefu kabla haujaanza kulia. Fundi alielewa mara moja; bawaba za mlango, alisema, hupakwa mafuta wakati bado ziko kimya. Alifundishwa kulala chali na kuvuta magoti kifuani, kutembea kila asubuhi, kuchuchumaa badala ya kuinama. Akaulizwa habari za karakana, na wiki ile ile akaliinua benchi la baba mdogo likamfika kiunoni. Akaulizwa kama kuna kitu kingine anachokibeba. Akasema mbao.

Lile la mke hakulisema. Alimwonya binti naye asilitaje, kwa kisingizio kwamba mambo ya nyumbani hayapelekwi kwa watu. Binti alitii kwa shingo upande.

Sababu yenyewe alikuwa nayo peke yake. Katika maisha yake ya kazi aliitwa mara nyingi kwenye nyumba zenye wagonjwa, aongeze miguu ya kitanda ili wanaouguza wasiumie. Alifanya kazi hiyo kwa heshima, bila kupiga mluzi. Na kila kitanda alichokipandisha, aliyelala juu yake hakushuka tena kwa miguu yake mwenyewe. Hakuwa mtu wa ushirikina, angekwambia hivyo. Alikuwa amehesabu tu. Alijua daktari akisikia habari za kitanda cha chini atasema nini, na alijua kazi yenyewe ingemchukua asubuhi moja. Kitanda cha mkewe kilipimwa ili asimame. Kukipandisha kulikuwa sawa na kumwambia usoni kwamba hatasimama.

Basi kila alipotoka kwa daktari akiwa na nafuu, aliipeleka nafuu ile nyumbani na kuimaliza yote kwenye kuinua. Siku za kwanza baada ya kunyooshwa alimbeba mkewe kwa madaha, akimzungusha kidogo sebuleni kama mtu anayecheza naye. Siku za mwisho kabla ya kurudi alimbeba akiwa ameuma meno. Daktari aliona mguu ukipona na kuharibika, ukipona na kuharibika, na siku moja alisimama na mikono yake mipana juu ya mgongo ule, akasita kusukuma.

"Mzee wangu, huu mgongo hauna ugomvi na randa tena. Kuna kitu kingine unakiinamia."

"Uzee, mwanangu."

"Uzee hauumi upande mmoja."

Fundi aliuficha uso wake ndani ya lile tundu la kitanda. Daktari akaendelea na kazi yake.

Ilitokea alasiri ya siku hiyo hiyo. Mke alikuwa amelala mchana na sasa alitaka kuketi dirishani. Binti asingefika mpaka jioni. Fundi, aliyejiona mwepesi, akakunjika, akapitisha mikono, akainuka huku akigeuka, na katikati ya kugeuka kitu kikamchoma kiunoni kama patasi, na miguu yote miwili ikamkana. Alichoweza kufanya ni kujitupa nyuma ili mkewe amwangukie yeye. Walitua sakafuni kwa kishindo, kati ya kitanda na ukuta, na hapo wakabaki.

Alimwuliza kama ameumia. Mke alichukua muda wake kukusanya maneno. Akasema ameangukia mifupa mitupu, ila ni afadhali kuliko saruji. Fundi akacheka, na kicheko kikamchoma, akaacha. Alijaribu kujiinua kwa kiwiko akashindwa. Nje mchomelea alikuwa akikata chuma. Hata wangeita asingesikia. Walilala wakitazama uvungu wa kitanda, mbao ambazo aliziranda akiwa kijana, bado nyeupe upande ule ambao jua halikuufikia.

"Pandisha kitanda, Fundi," mke alisema.

Alijifanya hakusikia.

"Mchana huu wote ulikuwa kwa daktari. Umerudi umenyooka. Tazama ulipo sasa. Kipandishe."

"Kikipanda, utashukaje?"

Mke aliitazama miguu yake, iliyolala juu ya miguu ya mumewe.

"Nishuke niende wapi?"

Fundi akaanza kueleza kwamba yule bwana wa mazoezi alisema miguu inaweza kurudi, kwamba wapo watu waliokaa miaka na wakasimama, kwamba jana tu kidole gumba kilitikisika, alikiona kwa macho yake. Aliyasema haya akitazama uvungu. Mke alimwacha amalize.

"Miguu ni yangu mimi," alisema, neno moja baada ya jingine. "Nilijua zamani. Nilikuwa nakusubiri wewe."

Binti alipofungua mlango jioni, aliwakuta wamelala vile, baba chini, mama kifuani pake, wote macho wazi, akadhani wamekufa.

Safari hii ni binti aliyezungumza na daktari, na alisema yote. Daktari hakumgombeza mzee. Alimwambia tu kwamba kwa miezi yote ile yeye alikuwa akijenga mchana na mzee akibomoa jioni, na kwamba akiendelea hivyo utafika wakati nyumba ile itakuwa na wagonjwa wawili wa kubebwa na hakuna wa kubeba. Akaeleza kinachotakiwa: kitanda kifike kimo cha nyonga za anayeuguza, kiti kilingane nacho, na mgonjwa atelezeshwe juu ya ubao laini badala ya kunyanyuliwa. Fundi alijibu kwamba anajua. Kisha akasema tena, polepole, kwamba anajua.

Alipumzishwa mpaka akaweza kusimama bila kushika kitu. Halafu akaenda karakana na kufanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alipima kitanda kwa mwili wa mtu ambaye halali juu yake. Alijipima nyonga zake mwenyewe, na kipimo hakukitaja kwa sauti. Akachonga miguu minne minene. Mchomelea akaunda kiti kirefu cha magurudumu, kipana chini kisije kikapinduka, na siku ya kuvipeleka alikiinua kitanda upande mmoja na binti upande wa pili, huku Fundi akipachika miguu mipya na kukaza parafujo. Mchomelea, mtu wa maneno mengi, alimaliza kazi yote ile bila utani hata mmoja, akaomba maji, akanywa, akaondoka.

Asubuhi iliyofuata walijaribu. Fundi aliingiza ubao aliokuwa ameupiga msasa mpaka unateleza kama droo iliyopakwa nta, akamsukuma mkewe kwa upole, naye akafika kitini bila mtu yeyote kuinama. Ilikuwa rahisi kiasi cha kutia aibu. Miguu ya mke ilining'inia hewani, mbali na sakafu, na wote wawili waliiona. Akamwogesha, akamkausha, akamtelezesha tena kitandani, akamketisha akiegemea mito, akamfunika shuka miguuni. Mgongo ulikuwa kimya. Akageuka kwenda kuuning'iniza ubao ukutani.

Alipotazama nyuma, mke alikuwa ameuinua mkono wake wa kushoto, ule mzima, ameuacha juu. Ndivyo alivyofanya kila siku alipokuwa akibebwa: aliuzungusha mkono ule shingoni mwa mumewe, akaweka shavu lake kwenye la mume, akasema, "Haya." Tangu arudi kutoka hospitalini, hawakuwahi kukumbatiana kwa namna nyingine. Hakuna kati yao aliyekuwa amelifikiria hilo mpaka ubao ulipofanya kazi yake.

Fundi akauegemeza ubao pale alipokuwa, akarudi. Kwa kimo kile shingo yake ilifika bila kuinama. Mkono ukamzunguka, shavu likaja. Alisubiri lile "haya", kwa mazoea, mikono yake ikiwa imeshajiandaa kwa uzito. Halikuja. Hakukuwa na pa kumpeleka. Na ndipo, mara ya kwanza tangu siku ya kijiko, mke wake alipoanza kulia, kwa sauti, kwa mdomo uliopinda upande mmoja. Akalilia miguu yake, na Fundi akasimama wima akimshika.