Fundi Asiye na Kucha

Pale karakana walimwita Kiberiti, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Mchokoze kidogo tu, analipuka. Ila tangu shangazi yake, mwenye karakana, amkataze kutukana wateja, hasira zake alikuwa anazimalizia kwenye kucha. Alizitafuna zote kumi, vidole vikabaki kama viazi vilivyomenywa.

Sasa chuma cha aloi, kile cha mchanganyiko, ndicho kilichomuumbua. Shafti ya pampu ikitoka kwenye mashine ya kukereza lazima iteleze kama kioo, la sivyo inakula mpira wa kuzuia maji na pampu inavuja. Shangazi hupima kwa ukucha. Anaupitisha huku mpaka kule. Ukikwaruza, shafti ni chuma chakavu.

Ya kwanza Kiberiti aliipapasa kwa kidole chake chenye sugu, akaona hariri tupu. Shangazi akapitisha ukucha: krrr!

"Hii shafti au msasa?"

Ya pili akaiendesha polepole, kwa adabu, utadhani anamnyoa bwana harusi. Krrr! Mbaya kuliko ya kwanza.

"Mtoto wa kaka yangu," shangazi akasema taratibu, na akisema taratibu ujue umekwisha. "Kipande kimebaki kimoja. Ukiharibu hicho, mashine nampa mwingine, wewe unarudi kwenye msumeno."

Miaka miwili alikata vyuma kwa mkono pale kwenye msumeno. Bega lake lilikumbuka kuliko yeye.

Hasira zikampanda, akapeleka kidole mdomoni. Hakuna kitu! Ndipo akajiona alivyo: fundi mzima, domo kaya, hajui hata anachotengeneza. Mpishi asiye na ulimi ana afadhali.

Jirani yake, mchomeleaji wa kibanda cha pembeni, alifuga ukucha mrefu wa kidole kidogo. Kiberiti alimcheka kila siku, akimwita bibi harusi.

"Kaka," akasema, neno likimkwama kama mwiba wa samaki. "Niazime ukucha."

"Ukucha wa nani?"

"Wako."

"Mimi nani?"

"Kaka yangu mpendwa."

"Hapo sawa." Mchomeleaji akaipitia kwa ukucha ile shafti ya pili. "Hii imechanika. Chuma hiki unakibembeleza, ndiyo maana kisu cha mashine kinakinyofoa badala ya kukikata. Na kisu chenyewe umekitoa nje kama ulimi wa mbwa, kinatetemeka."

Kiberiti alitaka kumjibu. Akachukua spana badala yake, jambo ambalo karakana nzima ililiona.

Akarudisha kisu ndani, akakigeuzia ncha mpya yenye makali, akaongeza kasi, akafungulia maji ya kupoza. Akakikereza kipande cha mwisho, akabakiza nusu milimita ya kujaribia. Ukucha wa mchomeleaji ukakwaruza kidogo. Akapunguza mwendo wa kisu, mashine ikazunguka vilevile kwa kasi. Ukucha ukapita kimya. Akamalizia kwa mwendo uleule, bila kubadilisha kitu.

Shangazi akapitisha ukucha wake. Akarudia. Akarudia tena.

"Umepimia nini, wewe usiye na kucha?"

Mchomeleaji akainua kidole kidogo juu kama bendera.

"Haya, mashine yako," shangazi akasema. "Ila ufuge wa kwako. Wa jirani haukai karakana kila siku."

Siku hizi mteja akimkera, kidole kinaelekea mdomoni, Kiberiti anaukumbuka msumeno, anakificha mfukoni. Mchomeleaji akipita pale anauliza, "Bibi harusi mpya hajambo?"

"Hajambo," anajibu, meno yameumana.